Kwa Lusubilo Kibona, Aliyewapakia Karafuu Wakaja Kutufunga

Mwaka umetimia, Baba Blessing, tangu asubuhi ile ya Jumatatu, tarehe 16 Septemba 2024, uliposogeza kikombe cha chai pembeni, ukasema kifua kimebana, ukaniegemea begani na hukuinuka tena. Chai ilikuwa bado ya moto. Mimi mkeo Edina, watoto na ndugu zako tunakukumbuka leo, na kwa kuwa uliwahi kusema matangazo ya kumbukumbu yote yanafanana kama sare za shule, hili nimeomba niliandike mwenyewe.

Wengi walikujua kwa sindano. Ulikuwa fundi maturubai, na karakana yako ilikuwa foleni yenyewe ya malori, kuanzia kijiji cha Mpemba hadi mpakani. Ulipanda juu ya mzigo wa dereva wa Lubumbashi na mkoba wako wa uzi na nta, ukashona palipochanika huku foleni ikisogea, ukateremka umeshafika mbele huko. Wazambia uliwasalimia "mulishani", wafugaji wa Momba uliwasalimia kikwao, na kila mmoja alidhani wewe ni mtu wa kwao. Kumbe ni mtoto wa milima ya Ileje, Mndali wa watu.

Nyumbani hukuwahi kurudi peke yako. Nilikuwa nikisikia geti nachungulia kwanza, nihesabu vichwa, ndipo nipime mchele. Leo lori limeharibika, kesho dereva hana pa kuoga, keshokutwa kuna mtu anatafuta nyumba ya shangazi yake na jina la shangazi halijui vizuri. Majirani walisema Edina anachoka. Niliyekuwa nachoka ni mimi? Nyumba ikiwa tupu ndiyo inayonichosha, kama ninavyoijua sasa.

Halafu ilikuwepo Radi. Kwa anayesoma na haijui, Radi ni timu yetu ya Tunduma ya mpira wa kikapu, timu ya kulipwa, ingawa wapo waliosema inalipwa kwa ahadi. Uliipenda kabla haijapendeka. Ilipofungwa na kila mtu ulikuwa ukisema, "Hawa wanajifunza." Ilipofungwa tena ulisema, "Somo ni gumu." Ulimjua kila mchezaji na kwao: nahodha Makene, mtoto wa wafugaji kule Ndalambo, mwenye mikono mirefu kama anafungua lango, na kocha Priska, mwanamke asiyepiga kelele, akikasirika anavua miwani tu na benchi zima linakaa sawa.

Msimu ule Radi walimaliza nafasi ya nane, wa mwisho kabisa kuingia hatua ya mtoano, na walio juu yao wote waliwaona chakula. Mechi ya kwanza Sangara wa Mwanza, vinara wa msimu, waliwafunga kwa pointi thelathini. Mtaani wakakuita "mzee wa nane". Mechi ya pili Radi wakashinda kwa pointi moja. Ya tatu, ya kuamua, wakashinda kule kule Mwanza, Makene akiwa na bandeji kwenye paji la uso. Watu waliokuwa wakikucheka wakaanza kuja nyumbani kuuliza mechi ijayo lini, na mimi nikaanza kupika ndizi kwa sufuria la msiba, maana dogo halikutosha tena.

Ndipo moyo wako ukakamatwa. Daktari alisema umepanuka. Alikupa vidonge, nusu asubuhi nusu jioni, kisha akanigeukia mimi: "Mama, huyu asishtuke. Asikasirike, asifurahi kupita kiasi. Mambo ya mpira ayaache." Ulimwangalia kama mtu aliyeambiwa aache kupumua ili mapafu yapumzike. Mimi nilikubali palepale. Kuanzia siku ile kazi yangu ikawa moja, kukuweka hai, na sikutaka mzaha.

Nusu fainali na Nyuki wa Tabora, watu zaidi ya thelathini walijaa sebuleni mbele ya televisheni, na wewe nilikulaza chumbani, mlango nimeufunga. Niliwaambia wageni, atakayepiga kelele anatoka. Wallahi sijaona kitu kama kile: watu wazima wanashangilia kwa kunong'ona! Mama mmoja anapunga kanga hewani, mdomo kaufumba. Mwingine kakumbatia mto anaung'ata. Robo ya nne ukapiga kelele kutoka chumbani, "Kama tumefunga semeni! Kimya chenu ndicho kinachoniua!" Nyumba ikalipuka kwa kicheko, na Radi wakaingia fainali.

Fainali ilikuwa na Karafuu wa Unguja, mabingwa. Mbili wakashinda wao, mbili tukashinda sisi. Mechi ya tano, ya kuamua, ikapigiwa kura ichezwe wapi, na kura ikaangukia Tunduma, Jumapili ya tarehe 30 Juni. Timu ya nane, kombe liko mlangoni kwetu! Ulikaa kitandani ukaniambia bila kupandisha sauti, "Mama Blessing, hii nitaiona kwa macho yangu. Baada ya hapo nilaze unavyotaka." Nilikuangalia nikajua sitakuzuia. Ukikatazwa ungetoka kwa dirisha.

Sasa hapa, Baba Blessing, kaa vizuri, maana kuna jambo hukulijua.

Unajua sisi wa mpakani tunavyoishi na saa mbili. Tunduma ikiwa saa kumi, hatua chache mbele, Nakonde ya Zambia, ni saa tisa. Simu nazo zinashika mtandao wa ng'ambo, zinajirudisha nyuma zenyewe, mtu anafika harusini watu wanakunja viti. Simu yako hukuiamini hata siku moja. Uliniamini mimi. Ukiambiwa saa yoyote unaniuliza, "Ya huku au ya kule?" Na siku ile uliniuliza.

Mechi ilipangwa saa tisa alasiri, saa ya huku. Mimi nikakwambia, "Ya kule. Wameandika hivyo kwa ajili ya mashabiki wa Zambia." Yaani kwetu saa kumi.

Nilikuongopea. Nilipiga hesabu zangu: ukifika saa kumi, nusu ya mchezo itakuwa imekwisha, na moyo wako utakuwa umepata nusu ya mshtuko. Daktari alikupa nusu kidonge, nami nikakukatia mechi nusu. Majirani niliwaambia watangulie wasikupitie. Wakanitii, hata wale wasioweza kukaa na neno mpaka jioni.

Saa kumi kasorobo kijana wetu wa bajaji, Rabson, alitupakia. Nilikuwa nimeshaandaa la kusema tukikuta watu wako mapumziko. Tulipofika pale Chapwa, foleni ilikuwa imefunga barabara nzima, lori moja limekatika breki limelala kiubavu, na Rabson akapita pembeni kwenye vumbi. Ukanigusa goti. "Mama Blessing, lile si basi la Karafuu?"

Nikatazama. Lilikuwa lenyewe, limebanwa katikati ya malori ya shaba, na vijana warefu wamesimama nje wanashika viuno. Mechi haikuwa imeanza.

"Rabson, simama," ulisema.

"Mzee, na sisi tunachelewa."

"Tunachelewa kuona nini, kama wachezaji wako hapa?"

Palepale nikaona mlango mwingine, nikauingia. Kila mtu alijua sheria: timu isiyofika hadi saa kumi na nusu imepoteza. Nikakwambia, "Baba Blessing, waache. Wasipofika kombe ni letu. Utaliona likiinuliwa, umekaa, umetulia, hakuna cha kushtuka."

Ulinigeukia. Hukukasirika, na ndiyo maana nakumbuka. "Ushindi wa mezani, Mama Blessing? Makene katoka Ndalambo aje kushinda meza?"

Ukashuka. Daktari alisema usitembee haraka, wewe ukatembea haraka. Ukawapigia miluzi vijana wa bodaboda waliokuwa kivulini pale, nusu yao wamevaa fulana za Radi. Mmoja akakujibu, "Mzee, hawa ni adui!" Ukamwambia, "Adui wa nini? Wageni hawa. Wafikishe, tukawafungie uwanjani, na mama zao waone." Wakacheka, wakawasha. Kocha wa Karafuu alipakiwa na mabegi mawili kifuani. Namba kumi na tano wao, yule mrefu kuliko wote, hakuenea kwenye pikipiki, ukamwingiza kwenye bajaji yetu. Goti moja lilikuwa nje kulia, jingine lilikuwa karibu na sikio la Rabson, na begi lake la viatu nimelipakata mimi.

"Mzee, wewe shabiki wa nani?" akakuuliza kwa ile lafudhi yao tamu.

"Radi. Leo tunakufunga, kijana."

"Inshallah tutaona. Lakini ahsante, baba. Tumekaa pale tangu saa nane, na mechi ilikuwa saa..."

Nikamdakia, "Mwanangu, mvua za kwenu mwaka huu vipi?" Mtoto wa watu akashangaa, akaanza kunieleza habari za mvua mpaka tukafika.

Mlipoingia naye ukumbini, umemshika mkono, watu walikuzomea. "Mzee Lusubilo, umetuletea mwenyewe!" "Mzee wa nane kapokea karafuu!" Wewe ukapunga mkono kama mbunge. Kocha Priska alitoka kwenye benchi lake, akavua miwani, nikadhani kumekucha. Akakushika mkono kwa mikono miwili. "Ahsante, mzee. Nilikuwa sijui nitawaambia nini vijana wangu wakipewa kombe bila kucheza."

Na mchezo ule, jamani. Waliokuwepo Tunduma siku ile wanajua. Makene aliruka kudaka kila mpira uliogonga chuma. Wafupi wetu walipita katikati ya miguu ya wale warefu kama wanapita kwenye mahindi. Robo ya tatu tukaongoza kwa pointi tisa, timu ya nane, mbele ya mabingwa! Mimi sikuuona vizuri. Nilikushika kifundo cha mkono nahesabu mapigo, nikipotea naanza upya. Wewe ulikuwa unaniambia, "Angalia kule, niache mimi, angalia kule."

Zilibaki sekunde ishirini, Radi sabini, Karafuu sitini na tisa. Namba kumi na tano akapewa mpira chini ya kikapu. Yule yule. Akageuka, akaweka. Sabini na moja. Makene akakimbia uwanja mzima akaurusha, ukagonga chuma, ukazunguka, ukazunguka tena, ukatoka nje.

Nilikuangalia wewe, sikuangalia ubao. Ulisimama. Nikasema, basi, ndiyo leo. Ukaanza kupiga makofi peke yako, polepole, kisha kwa nguvu, mpaka Rabson akasimama, mpaka benchi letu lote, mpaka hata Makene akainua uso wake aliokuwa ameufunika na fulana. Ulikuwa unalia na unacheka. "Umewaona, Mama Blessing? Umewaona hawa watoto? Nafasi ya nane!"

Mtaani walikutania wiki nzima. "Mzee, ukikuta basi la wageni tena, wewe pita tu!" Ulijibu, "Nitalisukuma." Na Jumapili iliyofuata kanisani, kwenye shukrani, ulisimama mbele ya watu wote ukasema, "Namshukuru mke wangu Edina. Saa za huku na kule zinawachanganya wengi, lakini yeye alinifikisha kwa wakati, sikukosa hata dakika moja." Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama, wakadhani ni unyenyekevu.

Ukaishi wiki kumi na moja baada ya hapo, na kila siku ya wiki hizo mtu alikuja kusimuliwa.

Msibani wifi yangu Miriamu, dada yako, alisema jikoni, kwa sauti, mbele ya akina mama waliokuwa wanachambua mchele: "Wifi, daktari alikukataza. Wewe ndiye uliyempeleka." Maneno yale yalitembea hadi Ihanda, hadi Itaka, yakafika Ileje kabla ya jeneza lako. Mwaka mzima nimekuwa mwanamke aliyempeleka mumewe uwanjani akafe. Ningeweza kusema nilijaribu kukuzuia. Ningesafika siku hiyo hiyo. Lakini ningelazimika kusema pia kwamba ulinishukuru mbele ya kanisa kwa uongo, na kwamba kama foleni ingesogea Jumapili ile, ungekuta mchezo umefika nusu, na usingejua nani alikuibia.

Basi wifi, soma hapa. Nilijaribu. Nilijaribu kwa akili zangu zote, mara mbili, na kaka yako akanishinda mara zote mbili bila kujua kwamba tunashindana.

Na wewe, Baba Blessing, nisamehe. Nimejiuliza usiku na mchana: kama ningefaulu, ungekuwepo leo? Sijui. Daktari naye nilimuuliza, akasema hajui. Ninachojua ni sura uliyokuwa nayo umesimama pale unapiga makofi. Nimeishi na wewe miaka ishirini na mitatu na sikuwa nimewahi kuiona. Kombe lile walilichukua Karafuu, na mpaka leo linaniuma. Lakini kwa kushindwa kwangu kukunyima siku ile, namshukuru Mungu.

Unakumbukwa na mkeo Edina; wanao Blessing, Watson na Gwantwa; dada yako Miriamu, ambaye tutaongea; mjomba Severini wa Ihanda; ukoo wote wa Kibona, Ileje; Rabson; madereva wa foleni; na Radi yote, wachezaji na mashabiki. Ibada itakuwa Jumapili nyumbani, saa nne asubuhi, saa ya huku. Njooni wote. Nitapika kwa sufuria kubwa.

Hatujakusahau, na hatutakusahau.