Misumari ya Kutundikia Picha

Jumapili, tarehe 3

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umetulia na kikohozi kimekupa nafasi. Mimi mzima, kazi tu ndiyo inanikondesha. Simu yako naipiga mpaka kidole kinachoka, haipatikani, ndiyo maana barua hii nimempa kondakta wa basi la asubuhi akuletee mkononi.

Baba, kuna kimbunga baharini. Hapa ofisini kwetu, kwenye hali ya hewa, kila tukikipima kimeongezeka nguvu, na kinaelekea kwenu. Kikiendelea hivi kitafika Alhamisi. Nyumba zote za mtaa wetu ni mbao na mabati. Karakana yako ya useremala peke yake ndiyo ina dari ya zege. Nakuomba uwagongee majirani milango, uwaambie wahamie humo mapema.

Najua unachofikiri. Mwaka jana nilikuandikia maneno haya haya, ukakusanya mtaa mzima na magodoro yao, na kimbunga kikageuka kikarudi zake baharini, hata jani halikutikisika. Tangu siku ile sijathubutu kuja nyumbani. Naona aibu kukutazama, na leo naona aibu kukuomba tena. Lakini nakuomba.

Mwanao.


Jumatatu, tarehe 4

Mwanangu,

Marahaba. Mgongo haujambo, kikohozi ni mgeni asiyejua kuaga. Wewe kula vizuri, usiiachie kazi mwili wako.

Simu nimeizima. Watu walikuwa wananipigia kuniuliza kama waanue nguo. Fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyenibatiza Mzee Kimbunga, na jina limenishika kuliko gundi yangu. Nikipita, watoto wadogo wananiamkia, "Shikamoo Mzee Kimbunga," na sijui nigombe au niitikie. Mteja mmoja alikataa kabati lake, akasema anaogopa lisije likapeperuka.

Hayo nayavumilia. Nisichokivumilia ni asubuhi ile ya mwaka jana. Jua lilitoka kali, nao wakabeba magodoro yao wakanipita mlangoni kimya kimya, na mama mmoja mjamzito aliyelala juu ya maranda ya mbao alikuwa hawezi kunyoosha kiuno. Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangenitukana.

Mwanangu, sigongi mlango wa mtu. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nitapigilia madirisha yangu, yatosha.

Baba yako.


Jumanne, tarehe 5

Baba,

Shikamoo. Leo sina salamu ndefu, nisamehe.

Ungependa nikuapie kwamba kitafika. Siwezi. Mkuu wangu mwenyewe anasema huenda kikageuka tena dakika za mwisho. Mwaka jana nilikuandikia kama mtu mwenye uhakika, kwa sababu nilitaka ujivunie kwamba binti yako anajua. Hilo ndilo linalonila. Sasa nakwambia kweli tupu: huenda kikaja, huenda kisije, na kikija mabati ya mtaa wetu hayatabaki.

Kama ni kuchekwa, waambie mwongo ni mimi. Fimbo ya mbali haiui nyoka. Ningekuwa karibu ningegonga mwenyewe.

Mwanao.


Jumatano, tarehe 6

Mwanangu,

Marahaba. Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Naandika haraka, kondakta anasema hili ndilo basi la mwisho.

Naona haya kukuandikia haya, lakini nimwambie nani mwingine? Jana nilipigilia mbao madirishani kwa ndani, na nyundo niliifunga kitambaa ili majirani wasisikie. Mimi, seremala mzima, nagonga misumari yangu nyumbani kwangu kama mwizi.

Kumbe walisikia. Asubuhi kaja mwenye duka: "Mzee, niazime misumari kidogo, nataka kutundika picha." Nikamuuliza picha gani inayotaka misumari ya inchi nne. Akatazama viatu vyake. "Picha ya babu," akasema. "Alikuwa mtu mnene."

Baadaye kaja kinyozi, naye ana picha. Kufika mchana mtaa mzima una picha za kutundika! Wao wanaona aibu kuuliza kwa kuwa walinicheka, mimi naona aibu kusema, na misumari inakwisha koponi. Mwisho yule mama aliyekuwa mjamzito alisimama mlangoni, mtoto mgongoni, godoro kichwani. Hakusingizia kitu. Alisema, "Baba, nipishe nipite." Nikafungua milango yote miwili. Sasa wamejaa humu, na nyundo nimeivua kitambaa.

Asiyekuja ni fundi cherehani peke yake. Namwona dirishani kwake anashona, hainui uso. Wengine wamekuja wenyewe. Huyu nikimfuata na kimbunga kisije, mtaa huu utanishinda kuishi. Sijamgongea. Upepo umeanza.

Baba yako.


Jumapili, tarehe 10

Baba,

Shikamoo. Shikamoo tena. U hali gani?

Kilifika. Tulikiona kwenye mitambo kikipita juu yenu. Wenzangu walinipa mkono kwa kuwa safari hii tulipima sawasawa, nikaona aibu kupongezwa, nikaenda kujifungia chooni nikalia. Barabara imefungwa, simu hazishiki. Barua hii nimempa dereva wa lori la misaada. Nijibu neno moja tu, hata la kunigombeza.

Mwanao.


Jumatano, tarehe 13

Binti yangu,

Hujambo? Usishtuke kwa mwandiko huu. Mzee ni mzima. Anakula, anakohoa, analalamika. Amekaa kando yangu ananiambia cha kuandika, lakini mimi naanza na ya kwangu, naye hana mkono wa kuninyang'anya kalamu.

Mimi ndiye fundi cherehani. Jina lile nililitunga mimi, ili watu wacheke wakija kupimwa nguo. Ulimi hauna mfupa. Siku ile niliwaona wote wakivuka na magodoro kwenda kwake, nikatamani ardhi inimeze. Ningeingiaje kwa mtu niliyemfanya kichekesho? Nikajiambia heri paa liniangukie.

Mabati yalipoanza kulia, mlango ukagongwa. Alikuwa yeye, ameloa chapachapa. Hakunisimanga. Alisema, "Fundi, watoto wamenichania pazia, njoo na sindano unisaidie." Pazia, katika upepo ule! Nikajua ananisitiri, nikalia. Tena kwa ujinga wangu nikasema sitoki bila cherehani yangu. Akaibeba begani. Katikati ya barabara bati likaja linaruka, akainua mkono wa kulia lisinifikie. Mkono umevunjika. Cherehani haina hata mkwaruzo, na naona haya kila nikiitazama.

Nyumba yangu haipo. Watu wote wapo, hata yule mtoto mchanga. Mzee anasema nikuandikie hivi: kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na njoo nyumbani, wamekuandalia picha za kutundika. Watoto bado wanamwita Mzee Kimbunga. Mimi nimewakataza, yeye kawaruhusu.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni hili. Ukiona tena kitu huko baharini, hata kama huna hakika, usimwandikie yeye. Niandikie mimi. Nitagonga milango yote mwenyewe. Na kisipofika, basi wanicheke mimi.

Shangazi yako wa ng'ambo ya barabara.