Kadi ya Lumbesa

Kiamunyi,
S.L.P. 2214,
Nakuru.

21 Julai, 2025.

Mpendwa ndugu yangu Mwaura,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumai wewe, Cheruto na mtoto mko salama huko Calgary, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimeisha. Sisi huku tuko na baridi ya Julai, ile ya kunywa chai ukiwa umevaa koti. Mama hajambo, isipokuwa magoti. Baba yu hai. Naanza na hilo ili haya mengine uyasome ukiwa umekaa.

Najua tangu Jumamosi unajiuliza kwa nini nilikupigia, nikataka namba za lile sanduku jipya la Mau Narok, kisha nikakata simu bila hata kukujulia hali. Baadaye nikakuandikia ati ni mambo madogo. Hayakuwa madogo. Nimeshika kalamu kwa sababu kwenye simu nitafoka, na Sapna, mke wa Jaydeep, anasafiri kuja huko wiki hii, atakuletea barua mkononi.

Ulipomwachia Baba ile GPS ya mkononi na kumfundisha mchezo wenu wa kuficha visanduku ili watu wavitafute kwa namba za mahali vilipo, tulidhani ataichoka. Wapi! Tangu aache kulima viazi, kila wiki yuko porini. Shida ilianza alipotaka ramani ya Kenya nzima, yenye kila mlima na kila korongo, na ile memori kadi uliyomwekea ikawa imejaa. Wewe ulimwambia anunue ya giga thelathini na mbili, inatosha, mradi iwe ya dukani kwa mtu anayejulikana. Jaydeep naye alimwambia vivyo hivyo akiwa kwenye kaunta ya duka lake, akamtolea moja.

Baba hakuichukua. Nje, kando ya barabara, alimpata mtu anauza ya giga mia mbili hamsini na sita kwa bei ya ile ndogo. Sasa wewe unamjua mzee wako. Miaka yote mabroka walimnunulia viazi kwa lumbesa, gunia limeongezewa kichwa cha nyavu mpaka limekuwa gunia na nusu, bei ni ya gunia moja. Alilia na lumbesa mpaka akaacha kulima. Siku hiyo aliona zamu yake imefika, amepata lumbesa ya upande wake. Alirudi nyumbani akicheka, akamwonyesha Mama kile kidude kidogo kama kucha.

Ubaya wa kadi feki, Jaydeep alinieleza baadaye, ni kwamba haikatai kitu. Inakubali kila unachoiwekea, kumbe imeshika cha kwanza tu, kingine chote imemwaga. Jaydeep alikuwa amemwonya Baba kwamba kadi yoyote mpya aijaze kwanza, kisha afungue ramani pembe zote. Yeye alifungua Kiamunyi, akaona barabara zote mpaka njia ya kuingia kwetu, akaridhika. Sikio la kufa halisikii dawa, na namshukuru Mungu hili halikuwa la kufa.

Jumamosi alipanda Mau Narok kupiga picha za lile sanduku jipya alilolificha huko, zile ulizomwomba kabla hamjalitangaza. Mchana ukungu ukashuka. Alinipigia akiwa ndani yake, na sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa. Hiyo ndiyo ilinitisha.

"Wangare, ramani imekuwa nyeupe," alisema. "Najiona peke yangu hapa, kama nzi kwenye maziwa."

Nilimwambia asisogee hata hatua. Sijui kama alisikia, maana simu ilikatika, na nilipopiga tena haikupatikana. Mwaura, unayajua yale makorongo ya nyuma ya mashamba ya ngano. Huyaoni mpaka mguu uko hewani. Na baridi ya kule si ya mzee aliyetoka na sweta.

Mimi sikujua sanduku liko wapi. Mama hakujua. Baba huweka kila kitu ndani ya kile kifaa. Aliyebaki na namba ni wewe, aliyekutumia. Nikakupigia, hukushika. Nikapiga tena, hukushika. Najua kwenu kulikuwa bado hakujakucha, na wewe hulala umezima sauti. Lakini hata tulipomzika shangazi Joyline hukushika, kwa hiyo nilikuwa napiga bila imani. Mama alianza kuimba wimbo wa kanisani kwa sauti ya chini, na unajua akiimba hivyo ameogopa. Uliposhika nilitaka kukutukana na kulia kwa pamoja. Niliandika namba kwenye kiganja.

Jaydeep alifunga duka, akatupeleka kwa pikapu yake. Lami ilipoishia hatukuona hata boneti. Mama mmoja mkulima, Chemutai, alituambia amemwona mzee na fimbo akielekea korongoni, akakubali kututangulia kwa sababu anajua kingo zilipo. Tulifuata namba polepole kwa simu ya Jaydeep huku tukiita. Kwenye ukingo tulikuta matope yamekwaruzwa, mtu ameteleza mpaka chini. Jaydeep akaacha kuita. Mimi nikaita kwa nguvu zaidi.

Tulimkuta ng'ambo ya pili, ameegemea mti, sanduku lenu limo mapajani. Midomo ilikuwa ya kijivu na mguu umegeukia upande usio wake. Nilimfokea, ndiyo, hapo hapo. Nilimuuliza ni kwa nini hakubaki nilipomwambia.

"Ramani ilipotea, mshale wa kuonyesha sanduku liliko haukupotea," alisema. "Hapa Mwaura anapajua. Nilisema nikifika hapa, mtoto wangu atanipata."

Alivunjika mguu mle korongoni, Mwaura, akapanda upande wa pili kwa kutambaa.

Sasa yuko hospitalini. Mguu umefungwa plasta na utapona. Mapafu ndiyo yameingiwa na baridi, na daktari hataki kusema atatoka lini. Kila nesi anayeingia anaambiwa kwamba mtoto wake alimpata kutoka Canada.

Najua ukisoma haya utataka kumtumia kadi nyingine. Usitume. Nimenunua ile ndogo kwa Jaydeep, nikaijaza, nikafungua ramani pembe zote mpaka Turkana. Nikamwekea kwenye kifaa, kwa sababu kumkataza siwezi na wewe huwezi.

Lakini Baba hajui kwamba nilipiga na kupiga. Anaamini ulishika mara moja. Alipokuwa anatambaa kwenye matope yale hakuwaza hata kidogo kwamba unaweza usishike. Sitamwambia, na Mama nimemkataza. Wewe ujue tu.

Leo asubuhi ameniomba nimchajie simu, akaniambia niiweke pale mkono wake unapofika, kwa sababu Mwaura atapiga. Sikumuuliza lini.

Msalimie sana Cheruto, na umkumbatie huyo Mugure kadogo mwenye jina la Mama. Mama mwenyewe anawasalimu, Jaydeep pia, na Chemutai ambaye sasa ni mtu wetu. Mungu atangulie mbele yenu kila mnapokanyaga.

Wako akupendaye, hata nikifoka,

Dada yako,
Wangare.