Gugu Nililong'oa Kazini kwa Nyambura

Jumatano

Binti yangu Nyambura hajafutwa kazi. Leo nitalala.

Juzi alinitembeza pale makumbusho anapofanya kazi, Nairobi. Vitabu mpaka darini, picha ukuta mzima, na funguo zote ziko kwa msichana wangu. Nani mwingine hapa Chaka amezaa mtu wa funguo? Tulipofika bustani ya mimea, mkono wangu ukang'oa gugu, lile linalosumbua viazi vyangu.

"Mama, hiyo tumepanda sisi," akasema, karibu alie.

Nikajua nimemharibia. Lakini leo amepiga simu duka la jirani, nikaitwa. Mkubwa wake alicheka sana, wakalipanda tena. Ati anataka kuona shamba ambamo gugu hilo linamea bure.

Sitapalilia viazi mpaka Jumamosi, siku wanayokuja wote wawili.