Alhamisi Bila Udi

Ijumaa. Mvua ya rasharasha tangu alfajiri, ile isiyolowesha nguo lakini huliachia godoro unyevu. Nimeamka bila kuumwa kichwa. Asiyeyajua maradhi yangu ataona hilo ni jambo dogo.

Nina tatizo la kukatika pumzi usingizini. Nikilala, koo hulegea likaziba, pumzi husimama, kisha mwili hushtuka na kuivuta tena, na mimi sina habari. Mgonjwa ndiye mtu wa mwisho kuyajua maradhi haya. Kwa muda wote wa ndoa yetu aliyeyajua ni mke wangu, Mama Zuhura. Pumzi ikisimama, alinitia mkono chini ya kidevu akakiinua, nikavuta hewa, nikaendelea kulala. Hakuwahi kuniambia. Alimwambia binti yetu, na binti yetu akaniambia baada ya mazishi.

Sasa naelewa kwa nini alilala kila siku baada ya adhuhuri.

Tangu afariki nalala na mashine. Ni kisanduku kidogo kando ya kitanda, chenye mrija na barakoa ya kufunika pua, kinachosukuma hewa ili koo lisifunge. Rafiki yangu Athmani, aliyekuwa mwendesha kreni bandarini Kilindini, alipokiona mara ya kwanza aliketi kitandani pangu akacheka mpaka akakohoa.

"Mwalimu, umeshakuwa gari wewe. Filta unayo, maji ya betri unayo. Bado honi tu."

"Honi ninayo tangu zamani. Waulize majirani."

Maji hayo hutiwa katika kitangi cha mashine ili hewa isikaushe pua. Nayanunua duka la dawa, lakini Athmani haamini.

Kila asubuhi kioo cha mashine huonyesha namba: kwa wastani, pumzi imekatika mara ngapi kwa saa. Nesi wa kliniki ndiye aliyenifundisha kuisoma. Nilimwuliza nirudi lini anirekebishie, akatikisa kichwa. "Mzee wangu, mimi nakuona mara moja kwa msimu. Wewe walala nayo kila siku. Isome mwenyewe. Ukiona haijakaa sawa, geuza jambo moja tu, usigeuze mawili, ndipo utajua lililosaidia."

Nilikuwa mwalimu wa hesabu Kismayu kabla ya vita kututoa. Maneno hayo niliyapenda.

Basi nikabadilisha mto. Namba ikashuka kidogo. Nikaanza kula chakula cha usiku mapema, ikashuka tena. Nikajifunga mkanda wa kidevu, ambao hufanya kazi ya mkono wa Mama Zuhura, ila haujui kupapasa. Siku nyingi namba ilikuwa nzuri. Halafu siku moja katika wiki inaruka juu, na kichwa kinaniuma mpaka jioni.

Siku hiyo ni Ijumaa. Na Ijumaa ndiyo siku anayokuja Zuhura.

Binti yangu anakaa Mbaraki na mumewe. Huja baada ya sala na chakula kwenye kikapu, huniamkia, na kabla ya kufunua sahani huenda kwenye mashine na kubonyeza kidude cha namba. Hakuja siku nyingine, kwa hiyo hakuwahi kuona namba nzuri hata moja. Kwake yeye, baba yake alikuwa anashindwa.

"Baba, hapa u peke yako," aliniambia. "Kwangu kuna chumba, tena kina dirisha kubwa."

"Na hiki kina nini?"

"Kina ngazi. Siku utakayoanguka ngazini ndipo utanisikia."

Ijumaa iliyopita hakutania. Alitazama namba, akasema wiki ijayo ikiwa hivi tena atakuja na gari na mume wake, na nisimpe hadithi. Najua hofu yake. Amezika mzazi mmoja, hataki siku moja kugonga mlango huu asijibiwe.

Lakini mimi nimehama vya kutosha. Kismayu nilitolewa kwa risasi. Katika kambi ya wakimbizi tulitolewa kwa amri. Hapa Mji wa Kale tumetolewa katika nyumba za watu, kwa adabu, kwa sababu wenyewe walizitaka. Chumba hiki ndicho cha kwanza ambacho mkono wangu unaijua swichi yake bila mimi kufikiri. Mama Zuhura alifia humu. Sikutaka kuhamishwa tena, hata na mtu anipendaye.

Sasa niandike lile ambalo sikumwambia Zuhura wala nesi.

Sababu ya Ijumaa niliishuku zamani. Mama Zuhura alifukiza chumba hiki kila Alhamisi jioni. Udi aliupika mwenyewe kwa sukari na marashi, kama mama yake alivyoupika kwetu Kismayu, na hakuna anayeuza udi wa namna ile, si sokoni Marikiti wala kwingine. Aliacha kopo moja. Tangu azikwe, kila Alhamisi baada ya magharibi nimetia mkaa kwenye chetezo, nimefunga dirisha, nimeuacha moshi ukae kwenye pazia na mashuka, kisha nimelala ndani ya harufu yake.

Na mashine ikaivuta hewa hiyo usiku kucha.

Filta yake ikiwa mpya ni nyeupe. Nilipoitoa ilikuwa na rangi ya mdalasini, na inanuka Mama Zuhura. Pua ilikuwa ikifura kwa moshi, mdomo ukaachama, hewa ikavujia huko, koo likafunga. Hesabu yenyewe haikuwa ngumu. Jibu ndilo nisilolitaka. Nilibadilisha mto, nikabadilisha chakula, nikakaza mkanda, nikaliacha jambo lile moja mpaka mwisho.

Filta chafu ilikuwa ya kutupwa. Nimeitia katika mfuko wa koti langu la zamani.

Jana asubuhi nilishusha pazia nikalifua, na mashuka pia. Maji yalitoka na rangi ya chai. Nilisimama nikiyatazama yakizunguka kwenye tundu la choo, na mtu angenikuta pale angedhani nimeibiwa. Jioni sikuwasha mkaa. Nilikaa na chetezo baridi magotini mpaka adhana ya isha, nikakirudisha juu ya kabati, nikavaa barakoa yangu, nikalala.

Leo namba ni ndogo kuliko zote nilizowahi kuziona. Nilivaa miwani nikaisoma tena.

Sikufurahi. Chumba kilinuka sabuni na mvua. Kilikuwa chumba cha mtu yeyote.

Zuhura alikuja saa za chakula, na wali wa nazi na samaki wa kupaka, buibui lake limepata manyunyu mabegani. Akaniamkia, akaenda moja kwa moja kwenye mashine. Niliutazama mgongo wake. Alibonyeza, akainama karibu na kioo, akageuka.

"Ya leo hii?"

"Ya leo."

"Umefanyaje, Baba?"

"Nimegeuza jambo moja."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyetua mzigo, akasema basi gari tumelisamehe. Akavuta pumzi aanze kupakua. Hapo akasita na kijiko mkononi. Akatazama pazia, akatazama juu ya kabati.

"Baba, hapanuki."

"Hapanuki nini?"

"Hapanuki Mama."

Nikamweleza. Sikurefusha. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akapanda kigodani akalishusha kopo la udi kutoka juu ya kabati, akafungua kifuniko, akanusa bila kuugusa udi wenyewe. Macho alikuwa ameyafumba. Nikamwambia alichukue, afukize kwake, mimi nitakuwa nakuja Mbaraki kunusa kama mgeni. Akatikisa kichwa, akafunga kifuniko kwa nguvu, akalirudisha mahali pake.

"Mama angekugombeza," alisema.

"Kwa kuacha?"

"Kwa kukawia."

Tukala. Wali ulikuwa mzuri. Alipoondoka aliniachia samaki wa jioni na kunikumbusha nile mapema, kama vile si mimi niliyeligundua hilo.

Sasa mvua imekatika na nasikia watoto wa ghorofa ya chini wakigombania mpira. Nimebaki na chumba changu. Leo hakuna wa kunitoa humu. Nimeibadilisha filta tena, ingawa haijachafuka, kwa kuwa sikuwa na kazi nyingine ya mikono.

Najiuliza, kama Mama Zuhura angepewa achague, abaki ndani ya mapazia haya au mimi nivute pumzi, angechagua lipi. Nauliza tu. Alichagua kila usiku, mkono wake chini ya kidevu changu, na asubuhi akaamka kabla yangu akanipikia chai.