Ukelele Umekuwa Maandishi ya Fulana

Kaka yangu Sefu,

Nakuandikia kwa hasira, na mgongo unaniuma. Watu wako wamenichosha.

Unanijua mdogo wako, mtu wa dunia: nimekula pilau Maskati, nimefukuzwa kazi Rotterdam, na hapa London halijazaliwa basi la kunipoteza. Shule niliachana nayo darasa la sita, lakini mjini mimi ni profesa. Hata hivyo Jumamosi nimefundishwa neno moja na yule mzee Mskoti, jirani yenu wa chini pale Peckham, na mpaka leo sijatulia.

Kisa ni mkeo. Magoti ya Shemeji yamekataa ngazi, lifti ni ile ile mgonjwa wa kudumu, na hatimaye halmashauri imempa flati ya chini, mtaa wa pili. Sharti: atoke ghorofa ya nne na kurudisha funguo Jumamosi kabla ya saa sita mchana, la sivyo anapewa mwingine. Nikaandika kwenye kundi la chama chetu, watu sitini na tatu: jamani, njooni tumhamishe Shemeji.

Wakajibu wote, kaka! Viganja vya dua, mioyo, "Tuko pamoja." Katibu akatuma bango la rangi lenye kaulimbiu ya chama: BEGA KWA BEGA. Saa nne nilikuwa na kabati, friji, magunia ya nguo, na mabega mawili tu, yote yangu.

Mskoti akanikuta nimekaa kwenye ngazi na fulana ya chama. Akauliza maandishi yale ni nini. Nikamwambia ni slogani yetu. Akacheka mpaka fimbo ikamponyoka.

"Kijana," akasema, mimi na miaka yangu hamsini na mbili, "hilo neno limetoka kwetu. Zamani Uskoti ulikuwa ukelele wa ukoo vitani. Ukiusikia, unaacha uji mezani unakimbia. Waingereza wakalichukua, wakawapa wanasiasa, na sasa linauza shampuu."

Nikamwokotea fimbo. Nasi je? Mbiu ya mgambo ikilia ina jambo, walisema wazee. Siku hizi inalia, watu wanaipa kidole gumba.

Nikakukumbuka. Mwaka wangu wa kwanza hapa, mwenye nyumba kanitupia mabegi kwenye mvua, ukapiga simu mbili tatu, neno moja: "Njooni." Wakaja tisa, mmoja bado kavaa aproni ya mgahawani. Nikaanza kueleza, ukanikata: "Beba kwanza, utaeleza chai ikiiva."

Na hapa ndipo hasira inaponirudia mwenyewe. Ulipoandika kutoka wodini, "Njoo, mdogo wangu," nilikuwa kazini. Nilikutumia viganja. Nilipofika kesho yake, kitanda kilikuwa kimeshatandikwa upya. Kwa hiyo nikitukana watu sitini na wawili, wa sitini na tatu ni mimi.

Basi Jumamosi ile nikasimama kibarazani nikapiga yowe. Sijui lilikuwa la msiba au la moto. Milango ikafunguka. Mama mmoja Mkongo akaja juu: "Weye baba, uko na wazimu? Batoto banalala!" Nikamkabidhi sufuria za Shemeji. Jamaa wa ghorofa ya tano kashuka amekunja ngumi, nikamtwisha godoro. Wote walitoka kunigombeza, kaka, na hakuna aliyeshuka mikono mitupu. Mskoti akalinda friji nje kwa fimbo yake. Funguo tulikabidhi zikibaki dakika saba, afisa wa nyumba anatazama saa.

Katibu ameniomba picha za kuweka kwenye kundi. Nilichomjibu hakiandikiki kwa marehemu.

Pumzika. Shemeji sasa akifungua mlango anakuta majani na maua, si ngazi. Jana kanipigia: mlango wa kabati lako haufungiki. Nilikuwa katikati ya shifti. Niliaga, nikaenda.

Ni mimi mdogo wako,
uliyeniachia mizigo.