Waya Niliunga Mimi, Lawama Kapewa Shemeji

Mshauri wangu mpendwa, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi pokea salamu tu. Naomba msaada wako, maana jambo hili nimelisalia mpaka naona kama Mungu ananiambia jibu unalo, mbona unaniuliza tena.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na mmoja, elimu yangu ni ya msingi, na kwa miaka kumi na tisa nimeendesha mashine ya CNC, yaani ile inayochonga vyuma kwa kufuata maagizo ya kompyuta, na karakanani wananiita Mama Milimita kwa sababu kipande kikizidi unywele mmoja nakirudisha. Mashine yetu ni ya zamani, kumbukumbu yake ndogo, haiwezi kumeza programu nzima, kwa hiyo kompyuta iliyoko ofisini inailisha mistari kidogo kidogo kupitia waya mrefu uliopita ukutani. Anayeandika hizo programu ni shemeji yangu, mdogo wake mume wangu, tunamwita Profesa kwa ajili ya miwani, anaishi kwetu na kazi nilimtafutia mimi.

Miezi miwili iliyopita mashine ikaanza vituko, mara inasimama katikati ya kukata na kuandika kwamba data imefika na kasoro, mara inapoteza tarakimu na kuchimba pasipotakiwa. Sasa karakana yetu ina rafu karibu na mlango, mtu akiharibu kipande kinaandikwa jina lake kwa rangi nyeupe na kuwekwa pale wote wajifunze, na mimi kwa miaka yote hiyo ninavyo viwili tu. Profesa akaandikiwa kumi na kimoja. Bosi akamwambia, "Wewe unaandika umelala?" akamhamishia stoo kupanga bolti, na nyumbani mume wangu hamsemeshi mezani, anasema amemtia aibu.

Nikasema sikubali, hili nitalijua mimi. Nikalinganisha kasi ya kutuma kwenye kompyuta na kasi ya kupokea kwenye mashine, zikawa sawa. Nikapunguza zote mbili, makosa yakapungua lakini hayakuisha. Nikachukua daftari, kila mashine ikikosea naandika saa na dakika, na baada ya wiki nikaona kitu: wakati wa chakula cha mchana haikosei hata mara moja. Nikajiuliza, wakati huo nani hafanyi kazi? Nikazunguka ukuta mpaka kwa mchomeleaji, tunamwita Cheche, ambaye mashine yake ilihamishiwa pale miezi hiyo hiyo miwili. Nikamwambia, "Cheche mwanangu, choma." Akachoma, mashine yangu ikalalamika. "Acha." Ikatulia. Akacheka, "Mama Milimita, siku hizi umekuwa daktari?" Nikabeba kompyuta yenyewe mpaka ubavuni mwa mashine, nikaunganisha kwa waya mfupi mpya, Cheche akachoma mpaka moshi ukajaa, na mistari elfu nne ikapita bila hata nukta kupotea. Niliruka, mshauri, na magoti haya haya! Mungu anisamehe, sijawahi kujivunia kitu hivyo.

Kisha nikaufuata ule waya mrefu nione una nini, na nyuma kabisa ya mashine ya Cheche nikakuta kiungo kimefungwa teipu nyekundu. Teipu ile naijua. Miaka mitatu iliyopita ofisi ilipohamishwa waya haukufika, nikaurefusha mwenyewe bila kumwita fundi umeme, na ule wavu wa shaba unaozikinga nyaya za ndani zisisumbuliwe nikaukata nikautupa kwa sababu ulikuwa unanichoma vidole. Hakuna aliyejua, maana hakukuwa na kitu jirani cha kuusumbua mpaka Cheche alipoletwa.

Nikakikata kiungo nikakitia mfukoni mwa ovaroli, nikapitisha waya mpya. Bosi akaja, "Ilikuwa nini?" Nikasikia mdomo wangu unasema, "Mipangilio ya kompyuta, bosi." Akasema, "Nilijua tu, Profesa yule." Nikarudi kwenye mashine yangu. Ijumaa hii atanitangaza kuwa msimamizi wa karakana, mwanamke wa kwanza. Je, nina haki ya kujivunia au sina? Nikisema nitavikosa vyote viwili, cheo na jina? Usilifiche jina langu la kazini, nikiogopa, gazeti linisukume.

Mama Milimita

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, Mama Milimita, nimekuzidi miaka minne na magoti yangu hayaruki tena. Haki ya kujivunia unayo, tena tele. Wapo wenye vyeti ukutani ambao wangenunua kompyuta nyingine. Wewe ulifungua daftari. Barua yako nimewasomea wenzangu hapa kwa sauti, na ulipomwambia Cheche achome, mmoja alipiga meza kwa furaha.

Sasa kaa nikugombeze. Kuunga waya vibaya ni kosa la mikono, na mikono yetu sote hukosea. Lakini hiyo "mipangilio ya kompyuta" uliichonga ukiwa macho, na ulijua itamchoma nani. Shemeji yako anapanga bolti, kaka yake hamsemeshi, na wewe ndiye unayempakulia chakula! Unamtazamaje, mama wewe? Na habari za kusali niachie, jibu ulilopewa umeliandika mwenyewe mwanzoni mwa barua.

Gazeti hili linatoka Jumatano. Kesho asubuhi, kabla mashine hazijawashwa, ingia kwa bosi, weka daftari na kiungo mezani, useme: niliunga mimi, nikakosea, kisha nikakudanganya. Usilie, na usimweleze habari za vidole. Profesa aitwe kutoka stoo umwombe radhi mbele ya wale wale waliomcheka, na jioni mume wako aambiwe kabla hajanawa mikono kula. Usingoje Ijumaa ipite. Bosi akikunyima cheo, rudi kwenye mashine yako, hakuna aliyekunyang'anya ujuzi. Akikupa, atakuwa amekupa akijua anampa nani.

Halafu nenda kwenye rafu na mkebe wa rangi nyeupe. Futa jina la Profesa kwenye vipande vyote kumi na kimoja, uandike lako, kimoja kimoja, kwa mkono wako. Utakuwa na vipande kumi na vitatu. Kiungo cha teipu nyekundu kiweke katikati yao. Kila apitaye mlangoni atauliza hiki nacho ni nini, na wewe utasimama umweleze ulivyokitafuta ukakipata, kuanzia daftari mpaka moshi wa Cheche. Hapo jivune, mama. Jivune mpaka ovaroli ikubane.