Kikombe cha Bati

Jumapili

Na leo, kuhusu wagonjwa kutengwa, mimi ndiye niliongea kwa sauti kuliko wote.

Shangazi alikuja kutoka Kawangware baada ya kanisa, akaanza kutuambia habari za babu, vile alifungiwa hospitali ya wagonjwa wa akili enzi za mkoloni. Wazungu walikuwa na wodi yao na vitanda. Wahindi yao. Waafrika walilala sakafuni, wakanywa uji kwa mikebe ya bati.

"Ugonjwa ni ule ule," Shangazi akasema, "lakini hata wazimu waliugawa kwa rangi."

Nikawaka. Nikasema wale watu hawakuwa na utu, kwamba mgonjwa akitengwa hivyo hawezi kupona hata apewe dawa gani. Huku namimina chai kwa vile vikombe vya wageni nilivyonunua soko la Toi.

Wafula, ndugu yangu, alitoka hospitali mwezi jana, hospitali ile ile ya akili. Alikuwa kwa stuli yake karibu na mlango. Nilipompa kikombe, kwa sababu Shangazi anaangalia, hakukipokea.

"Si hicho, sista," akasema polepole. "Changu ni kile cha bati."

Kile kinachoning'inia kwa msumari nje, ili watoto wasikiguse. Mimi ndiye nilipigilia huo msumari.

Shangazi aliangalia chai yake tu.

Alipoondoka nilikiosha kile kikombe, nikakiweka kabatini pamoja na vingine. 

Nimetoka kufunga mlango sasa hivi. Wafula amekirudisha kwa msumari.